Daktari wa wanawake kufungua kliniki yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, au daktari yeyote aliyejikita katika afya ya wanawake, anayefikiria kuacha ajira na kufungua kliniki yake mwenyewe. Nimekusanya maswali ambayo wenzangu huniuliza tangu nilipoondoka hospitali na kuanza kujitegemea. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni zito, mengine yanatosha kwa mistari michache. Ada na majina ya vibali hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo nimejikita kwenye yale yatakayokukuta popote ulipo.

Nitajuaje kwamba niko tayari?

Miaka ya kazi peke yake haisemi mengi. Angalia umefanya nini bila kushikwa mkono. Je, umeshamhudumia mwanamke aliyeanguka mapokezi kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi na kupasuka? Umeshaanzisha magnesiamu salfeti kwa mjamzito mwenye kifafa cha mimba kabla mkubwa wako hajafika? Mgonjwa akivimba koo na kuishiwa pumzi baada ya sindano, mkono wako unakwenda wenyewe kwenye adrenalini, miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, au unaanza kutafuta nani wa kumuuliza?

Hospitalini kuna daktari wa usingizi chumba cha pili na benki ya damu ghorofa ya chini. Kwenye kliniki yako kuna wewe, muuguzi, na simu. Kama bado kuna dharura moja au mbili unazoziogopa, baki kwenye ajira, omba zamu za chumba cha kujifungulia na cha dharura, uzizoee. Hilo halina aibu yoyote, na mgonjwa wako wa kwanza wa dharura ndiye atakayefaidika.

Ni sababu gani nzuri ya kutoka, na ipi mbaya?

Sababu nzuri kuliko zote ninayoijua ni muda. Mwanamke mwenye maumivu makali ya hedhi hawezi kueleweka kwa dakika tano. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi kuota nje yake, huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190, na wengi wao huzunguka miaka kadhaa wakiambiwa kuwa maumivu ni ya kawaida. Ugonjwa huo huanza kugundulika pale daktari anapouliza maswali ambayo foleni ndefu haimruhusu kuyauliza: maumivu wakati wa tendo la ndoa, maumivu wakati wa haja kubwa, siku ngapi anakosa kazi au shule kila mwezi. Mwanamke aliyepoteza mimba mara tatu, aliyekeketwa, anayepigwa nyumbani, hao nao hawasemi kitu katika dakika tano za mwanzo.

Wapo waliotoka kwa sababu mlango ulifungwa mbele yao. Elizabeth Garrett wa Uingereza alipata leseni ya udaktari mwaka 1865, lakini hospitali hazikuwa tayari kumpa nafasi kwa kuwa alikuwa mwanamke. Akaanza kujitegemea, na mwaka 1866 akafungua London zahanati ya wanawake na watoto wasio na uwezo. Mwaka 1872 ikawa hospitali ya wanawake inayohudumiwa na madaktari wanawake. Namtaja kwa sababu alianza na zahanati. Hospitali ilifuata baada ya miaka sita.

Sababu mbaya ni kumkasirikia bosi. Hasira huisha baada ya miezi michache, na mkataba wa pango unabaki. Tamaa ya fedha za haraka nayo ni hatari, kwa kuwa mwaka wa kwanza mara nyingi utapata chini ya mshahara uliouacha, na daktari mwenye haraka ya kipato huanza kuagiza vipimo ambavyo mgonjwa havimsaidii.

Je, nizalishe kwenye kliniki yangu?

Hili ndilo swali ninalolijibu kwa urefu kuliko yote, na jibu langu kwa mtu anayeanza ni hapana.

Mimba inapofikia miezi tisa, mishipa ya mfuko wa uzazi hupitisha takriban mililita 500 hadi 700 za damu kila dakika. Mfuko usipokaza baada ya mtoto kutoka, mama anaweza kupoteza maisha ndani ya muda mfupi kuliko muda wa kungoja gari la wagonjwa. Asilimia 5 hadi 10 ya watoto wachanga huhitaji kusaidiwa kwa namna fulani ili waanze kupumua, na msaada huo unatakiwa uanze ndani ya dakika ya kwanza. Kwa hiyo mwenye kuzalisha anahitaji watu wawili waliofunzwa kwa kila uzazi, mmoja wa mama na mmoja wa mtoto, saa 24, siku zote za mwaka. Anahitaji damu, chumba cha upasuaji kilicho tayari au kinachofikika kwa dakika chache, mtoa usingizi, na umeme usiokatika.

Tunajua kinachookoa maisha. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 na kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba kupima damu inayotoka kwa mfuko maalumu wa plastiki wenye alama za kipimo, kisha kutoa tiba zote kwa pamoja bila kungojana (kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, dripu na uchunguzi wa kutafuta chanzo), kulipunguza madhara makubwa ya kuvuja damu kwa asilimia 60. Lakini soma vizuri: hayo yalifanyika hospitalini, na timu iliyozoezwa. Ni kazi ya kundi la watu. Daktari mmoja na muuguzi mmoja hawawezi kuifanya saa nane usiku huku mtoto naye hajalia.

Unaweza kuwa daktari wa uzazi bila kuwa na kitanda cha kuzalishia. Mhudumie mama kipindi chote cha mimba kwenye kliniki yako, halafu omba haki ya kuzalisha katika hospitali iliyo karibu, umfuate huko siku ikifika. Wengi wetu tunafanya hivyo, na akina mama wanalielewa wakielezwa mapema.

Basi kliniki bila uzazi ina kazi gani ya kutosha?

Kazi tele. Huduma za wajawazito peke yake zinajaza siku: tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonwe angalau mara 8, mara ya kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo. Hapo ndipo unapompata mwenye hatari ya kifafa cha mimba na kumwanzishia aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 20. Ndipo unapokuta upungufu wa damu, wekundu wa damu (hemoglobini) chini ya gramu 11 kwa desilita, ukiwa bado na muda wa kuutibu. Ongeza uzazi wa mpango: kitanzi cha shaba, ambacho hudumu miaka 10 na pia huzuia mimba kikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo, vipandikizi, na ushauri kwa anayetaka kubadili njia kwa sababu ya maudhi.

Kisha kuna uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, hedhi nzito, uvimbe, ugumba, maambukizi, mimba changa zinazotoka damu, na wanawake waliokoma hedhi. Hawa wa mwisho nawaombea nafasi ya pekee kwenye ratiba yako. Wamezoea kuambiwa ni umri, wakati wengi wao hawalali usiku kwa sababu ya joto la mwili, wanaumia wakati wa tendo, na hawajawahi kuulizwa.

Vifaa gani ninunue kwanza?

Nunua vya kila siku kabla ya vya kuonyesha. Kitanda cha uchunguzi kinachoshuka chini, ili mjamzito wa wiki 38 au mama mwenye ulemavu apande bila kubebwa. Taa nzuri, maana nusu ya uchunguzi wa mlango wa kizazi ni kuona. Spekulamu, vifaa vya kufungulia uke wakati wa uchunguzi, za saizi zote, pamoja na zile nyembamba kwa mwanamke ambaye hajazaa au aliyekoma hedhi; daktari mwenye saizi moja tu huwaumiza wagonjwa, na aliyeumizwa mara moja anaweza asirudi kupimwa tena maishani.

Mashine ya presha iwe na mikanda ya zaidi ya saizi moja. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu kuliko ilivyo kweli, na kwenye ujauzito tofauti hiyo inaweza kumfanya mama alazwe bure. Mpaka unaoutazama ni 140 kwa 90.

Kwenye usafishaji wa vifaa usipunguze chochote. Vifaa vilivyofungwa vinahitaji mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 30 kwenye mashine ya kawaida ya kutakasia, na kila mzunguko uandikwe kwenye daftari. Kila pakiti iwe na utepe unaobadilika rangi ukipata joto, lakini utepe huo huonyesha tu kwamba pakiti imepitia mashine. Uhakika kwamba vijidudu vimekufa unatokana na jaribio la vijidudu sugu linalorudiwa kwa vipindi maalumu. Kama hujui nani atafanya jaribio hilo, hujawa tayari kufungua.

Jokofu la dawa liwe la dawa tu, na kipimajoto ndani yake. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu bila kubadilika rangi, na utalijua hilo siku unapoihitaji. Hata kama huzalishi, weka sinia ya dharura yenye dawa za kuvuja damu, kifafa cha mimba na mzio mkali, ikaguliwe kila wiki na mtu mwenye jina.

Mashine ya ultrasaundi: mpya au iliyotumika?

Iliyotumika inafaa kama ina mkataba wa matengenezo na vipuri vyake bado vinapatikana. Nunua yenye kipimia cha tumboni na cha ukeni, kwa kuwa mimba changa huonekana vizuri zaidi kwa kile cha ukeni. Kipimia hicho lazima kitakaswe kwa dawa kali baada ya kila mgonjwa hata kama kilivikwa kondomu, kwa sababu kondomu hupasuka bila kuonekana. Muuzaji asiyeweza kukuambia ni dawa gani isiyoharibu kipimia chake, mwache.

Jengo liweje?

Kabla hujasaini, simama kwenye chumba cha kungojea huku mwenzako akiongea kwa sauti ya kawaida ndani ya chumba cha daktari. Ukisikia maneno, hicho chumba hakifai mpaka ukuta urekebishwe. Mlango usifungukie kitanda. Choo kiwe karibu na chumba cha uchunguzi ili mgonjwa asipite mbele ya watu akiwa amejifunga kanga au shuka. Pawepo na mahali pa kuvulia nguo penye pazia, na ndoano ya kutundikia.

Jambo moja ambalo wachora ramani hawalifikirii: mwanamke aliyepoteza mimba wiki iliyopita asikae amebanana na wajawazito sita. Kama huna sehemu mbili za kungojea, tenganisha saa. Wajawazito asubuhi, ugumba na mimba zilizoharibika alasiri. Hili halikugharimu chochote, na wagonjwa watakuambia kwamba waliliona.

Vibali na mikataba?

Karibu kila mahali utahitaji leseni yako binafsi iliyo hai, kibali cha kituo chenyewe, idhini ya kutunza na kutoa dawa, na mkataba wa kuondoa taka hatarishi kama sindano na tishu. Maabara, hata ndogo, mara nyingi ina kibali chake. Anza na kile kinachochukua muda mrefu kuliko vyote, uulize hicho kwanza, kisha upange vingine nyuma yake. Usianze kulipa pango la jengo kabla mkaguzi hajasema jengo linafaa.

Na soma mkataba wako wa ajira ukiwa na mwanasheria. Mingi ina kifungu kinachokuzuia kufungua kazi kama hiyo karibu na mwajiri kwa kipindi fulani, au kinachokukataza kuwaandikia wagonjwa wake.

Bima ya kitaaluma inafanyaje kazi?

Kuna aina mbili, na kutozitofautisha kumewagharimu wengi. Ya kwanza hukulinda kwa tukio lililotokea ukiwa umekatiwa bima, hata dai likija miaka mingi baadaye. Ya pili hukulinda ikiwa dai limeletwa wakati bima bado iko hai. Ukiiacha, madai ya kazi uliyofanya zamani hayana wa kuyalipa, isipokuwa ununue kinga ya nyongeza ya kufunika kipindi kilichopita. Kwenye kazi yetu tofauti hii ni kubwa, kwa sababu katika nchi nyingi mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa anaweza kudai akishakuwa mtu mzima. Siku unayoacha ajira, uliza bima ya mwajiri ilikuwa ya aina gani na nani anabeba kazi uliyoifanya huko. Pata jibu kwa maandishi.

Kliniki isiyozalisha hulipa bima ndogo zaidi. Hiyo nayo ni sababu ya jibu langu la hapo juu.

Nitahitaji mtaji kiasi gani?

Sitakupa tarakimu, nitakupa njia ya kuipata. Andika gharama ambazo utalipa hata mgonjwa asipokuja: pango, mishahara, bima, umeme, mkopo, programu ya kumbukumbu, taka. Hizo ziite gharama za mwezi. Kisha chukua ada ya wastani ya mgonjwa mmoja, utoe vitu alivyotumia: glavu, vitendanishi, dawa, karatasi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Jibu ni idadi ya wagonjwa wa mwezi wanaokufikisha mahali pa kutopata wala kukosa. Igawanye kwa siku za kazi, halafu igawanye kwa saa.

Sasa angalia ile namba ya kwa saa. Ikiwa inakulazimisha kuwaona wanawake wanne au watano kwa saa, umeijenga upya hospitali uliyoikimbia. Punguza pango, punguza vifaa, punguza mkopo, mpaka namba ikuruhusu kumpa mgonjwa mpya nusu saa. Mimi naona hesabu hii ndiyo uamuzi wa kitabibu wa kwanza unaoufanya, kabla hujamgusa mgonjwa.

Juu ya gharama za kufungulia, weka akiba ya miezi sita ya gharama za mwezi. Kampuni za bima ya afya huchukua muda kukusajili, na zikishakusajili huchukua muda kulipa; katikati hapo muuguzi wako anataka mshahara wake. Madaktari wengine hubaki na siku mbili za ajira kwa mwaka wa kwanza, na ni mpango mzuri kama mkataba unaruhusu.

Nipangeje bei?

Bandika bei zote mapokezi na uzifuate. Mwanamke aelezwe gharama za kipimo kabla hajavua nguo. Kwa wasio na uwezo, amua mapema ni wangapi kwa mwezi kliniki inaweza kuwabeba, utenge nafasi hizo, na mwenye kuamua asiwe mtu wa mapokezi mbele ya foleni. Dharura haiulizwi fedha kwanza.

Nianze peke yangu au na mshirika?

Mshirika anakupunguzia gharama na usiku wa kuamka. Anaweza pia kukuvunja moyo. Kabla ya kusaini andikeni nani anaweka nini, mnagawanaje mapato wakati mmoja anaona wagonjwa wengi kuliko mwingine, itakuwaje mmoja akipata ujauzito au akiugua, na mmoja akitaka kutoka hisa zake zitathaminiwa vipi. Zungumzeni pia msimamo wenu kuhusu huduma ambazo dhamiri za watu hutofautiana. Mkishindwa kuyasema hayo mkiwa marafiki, hamtayaweza mkiwa na deni la pamoja.

Niajiri nani kwanza?

Mkunga au muuguzi mwenye uzoefu, na mtu wa mapokezi. Wengi humtafuta wa pili kwa haraka, na ndiye sauti ya kwanza mgonjwa anayoisikia. Binti wa miaka 17 anapiga simu akiwa na hofu, ananong'ona. Akijibiwa "una tatizo gani?" kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, atakata. Mfundishe kuuliza jina na namba tu, na kutambua maneno machache yanayotaka daktari sasa hivi: natokwa na damu na nina mimba, kichwa kinaniuma na naona ukungu, mtoto hachezi, tumbo linaniuma upande mmoja na nimezimia. Maneno hayo yabandikwe kando ya simu.

Siri iandikwe kwenye mkataba wa kila mfanyakazi, pamoja na msafishaji. Matokeo hayapewi mume, mama mkwe wala mwajiri bila ridhaa ya mgonjwa mwenyewe.

Rufaa nizipangeje?

Kabla ya kufungua mlango. Nenda mwenyewe hospitali utakayopeleka wagonjwa, kaa na mkuu wa idara ya uzazi, mkubaliane kwa maandishi: namba gani ya simu inapokelewa usiku, nani anampokea mgonjwa, karatasi gani ziambatane naye. Fanya safari hiyo kwa gari saa ya msongamano, ujue dakika halisi. Fanya hivyo hivyo kwa daktari wa saratani, wa figo, wa sukari na wa afya ya akili. Mama mwenye huzuni kubwa baada ya kujifungua anastahili jina la mtu wa kumwona na siku ya miadi, zaidi ya ushauri wa kupumzika.

Halafu fanyeni zoezi na wafanyakazi wako: mmoja ajilaze sakafuni, mwingine apige simu, wa tatu alete sinia. Rudieni kila baada ya miezi mitatu. Mtagundua mambo madogo, kama mtungi wa oksijeni ambao ufunguo wake uko kwenye droo ya mtu aliye likizo.

Mwenzako wa hospitali ukimletea mgonjwa, mpigie baadaye uulize yaliyotokea. Mahusiano haya yanalindwa kwa simu fupi za namna hiyo.

Kumbukumbu na matokeo ya vipimo nizifuatilieje?

Hatari kubwa ya kliniki ndogo iko kwenye kipimo kilichochukuliwa vizuri, kikasomwa vizuri, na jibu likalala kwenye droo.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi. Virusi vya HPV aina ya 16 na 18 peke yake vinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani hizo, na tuna chanjo, tuna kipimo, tuna tiba ya hatua za awali. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka ifikapo 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Hiyo namba ya tatu inategemea daftari lako. Kipimo cha HPV mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe, jambo linalowasaidia wanaoona aibu, lakini anayekutwa na virusi asipopigiwa simu, sampuli ile haikumfaa kitu.

Weka rejista moja, ya karatasi au ya kompyuta: jina, kipimo, siku kilipotoka, siku jibu lilipotarajiwa, siku lilipofika, siku mgonjwa alipoambiwa, hatua iliyofuata. Kila Ijumaa mtu mmoja apitie mistari iliyo wazi. Mwanamke aliyekoma hedhi akatokwa na damu lazima awe kwenye rejista hiyo mpaka chanzo kijulikane, kwa maana karibu 9 kati ya 100 wa namna hiyo hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi, na ikikamatwa mapema hutibika vizuri. Usimwambie mgonjwa "usiposikia kitu ujue uko salama". Kila jibu lisemwe, jema na baya.

Wagonjwa watanipataje?

Kwa midomo ya wagonjwa wengine, polepole. Usinakili orodha ya wagonjwa wa mwajiri wako. Faili si mali yako, na siri yao haihami nawe. Anayekutafuta kwa hiari yake ni haki yake. Jitambulishe kwa wafamasia, wakunga na madaktari wa kawaida walio karibu, na uwajibu kwa barua kila wakikuletea mtu. Kwenye matangazo sema unachofanya na saa zako. Usiahidi mimba kwa mgumba, wala usitumie picha ya mgonjwa hata akikubali kwa furaha, kwani furaha hiyo inaweza kugeuka kesho na picha haifutiki.

Mimi ni daktari mwanaume. Wanawake watakuja?

Watakuja wakiheshimiwa. Awepo shahidi wa kike kwenye kila uchunguzi wa sehemu za siri, na jina lake liandikwe kwenye faili. Daktari mwanamke naye ampe mgonjwa nafasi ya kumtaka shahidi. Eleza kila hatua kabla ya kugusa, mwambie kwamba akisema acha utaacha, na uache kweli. Uchunguzi wa ukeni ufanyike pale tu jibu lake litabadilisha tiba.

Nitapumzika lini?

Tafuta daktari mwingine anayejitegemea, mbadilishane usiku na wikendi, na wagonjwa wa pande zote mbili waambiwe. Kama hakuna, rekodi yako ya simu iseme wazi hospitali ipi iendewe baada ya saa za kazi. Simu iliyo wazi saa 24 kwa mtu mmoja huishia kupokelewa na mtu aliyechoka, na daktari aliyechoka husikia "kichwa kinaniuma" bila kuuliza habari ya macho. Funga kliniki wiki kadhaa kwa mwaka na uziingize kwenye ile hesabu ya gharama tangu mwanzo.

Ikibidi kufunga, nina wajibu gani kwa wagonjwa?

Toa taarifa mapema, miezi mitatu ikiwezekana, na usipokee wajawazito wapya ambao hutafika nao mwisho. Kila mgonjwa apewe muhtasari wa maandishi na jina la daktari wa kumfuata. Faili zitunzwe kwa miaka ambayo sheria inataka, na za uzazi kwa kawaida hutunzwa muda mrefu kuliko nyingine. Nunua ile kinga ya nyongeza ya bima kabla ya kusimamisha malipo. Rejista ya vipimo ishughulikiwe kwanza kabla ya samani na mashine: kila mwenye jibu linalosubiriwa apigiwe simu, aambiwe jibu litakwenda kwa nani, na huyo atakayelipokea athibitishe kwamba amelipata.